Kongoni Mwenye Harufu ya Ugoro

Pua-ruka ilipenya kati ya matawi, ndogo kama nyanya, ikavuta pumzi. Ilikuwa mashine ya kunusa. Ilichuja hewa ya msitu, ikatenga harufu ya gome, ya uyoga, ya mnyama, kisha ikatuma hesabu mjini Tabora, ghorofa ya sitini, kwenye kioo cha Mhandisi Kabula aliyeibuni.

Aliibuni kwa kukosa jinsi. Tangu Sera ya Mwavuli ipitishwe, Msitu wa Umma wa Nkulusi haukuchomwa wala kukatwa hata fito. Miti ilifumana huko juu hadi mvua ikinyesha Jumatatu inafika chini Alhamisi. Macho ya angani hayakuona kitu. Ndipo Kabula akasema, basi tunuse.

Hesabu zilipendeza. Kila msimu kongoni walizidi, na Mamlaka ya Misitu ikatoa vibali zaidi kwa wawindaji wasio na mapori yao binafsi. Kadiri wawindaji walivyoingia, ndivyo kongoni walivyoongezeka. Hakuna aliyeshangaa. Walipeana hongera.

Asubuhi hiyo kioo kikaandika: Kongoni dume, mtoni. Harufu ya ziada: ugoro.

Tausi, mwenzake wa meza ya pili, akaangua kicheko. "Huyu naye kaanza lini, Mhandisi?"

Kabula hakucheka. Kaka yake Lubasha alikuwa Nkulusi na kibali chake mfukoni, na Lubasha hakai nusu saa bila kubana ugoro. Tena wawindaji hujipaka mavi ya kongoni yaliyolowekwa ili kuua harufu ya mtu. Siku hizi waliyanunua kwenye makopo kutoka bustani ya wanyama, maana porini hayaokotwi.

"Hayaokotwi," Kabula akarudia kwa sauti, akainuka.

Aliingia kwa mkurugenzi bila kubisha hodi.

"Bwana Shilatu, zuia wavunaji wa kongoni!"

"Wameshatoka, mama. Kongoni wamezidi, wanatafuna miche yetu."

"Hao si kongoni. Ni watu."

"Mashine yako mwenyewe imesema kongoni."

"Imekosea. Waite warudi!"

"Waitwe na nani? Tuliwaunda wasisikie amri ya mtu mpaka wamalize kazi. Umesahau? Tulisema mtu anahongeka." Shilatu akajaribu kutabasamu, ikashindikana.

Mvunaji alikuwa mashine ya miguu sita, ukubwa wa fahali. Alifuata harufu, akarusha sindano ya usingizi, akameza windo ndani ya tumbo la barafu. Kabula alipitia chooni, akanyakua mche wa sabuni, akapanda gari-hewa.

Chini ya mwavuli kulikuwa na giza la mchana. Alitafuta jani la kutafunwa na kongoni, asilione. Majani makavu tu, yakimfika magotini. Zamani watu walichoma nyasi mara tu baada ya masika, na machipukizi yakawavuta wanyama. Sasa walichoma wenye mapori yenye uzio peke yao, na kongoni walikwenda huko huko.

Alimkuta Lubasha amechuchumaa ukingoni mwa mto, amejipaka mpaka masikioni.

"Shii! Dada, utamkimbiza! Nasikia kishindo. Mkubwa huyo!"

"Ingia majini."

"Una wazimu?"

Kabula akamsukuma. Akaruka naye, akaanza kumsugua kichwa kama mtoto mtundu.

"Unanitoa macho!"

"Masikio nayo! Geuka!"

Mvunaji akatokeza. Akainamisha pua juu ya maji, akanusa povu, akasita. Kisha akageuka kuelekea bondeni.

Meno ya Lubasha yaligongana. "Dude lile lilikuwa linanifuata mimi?"

"Wewe ndiye kongoni wa mtoni."

"Na yule niliyemsikia kilimani?"

"Mtu."

"Na wa bondeni?"

"Kaka, wote ni watu."

Lubasha akaitazama bunduki yake pale ukingoni.

"Wa bondeni nimempiga," akasema. "Alfajiri. Kaanguka kichakani, nikamwacha kwanza alegee."

Walikimbia, yeye na fulana iliyoloa, dada na sabuni mkononi.

"Mihayo!" Lubasha aliita. Ndiye mwenzake aliyependa kuwinda upande ule. "Mihayo, toa sauti!"

Hakuna aliyejibu. Mwindaji aliye kwenye windo haitiki, na hilo Lubasha mwenyewe ndiye aliyemfundisha Mihayo. Mbele yao miguu sita ilivunja vijiti, haina haraka.

"Mihayo, nakuomba, ndugu yangu!"

"Nyamazeni huko!" Kichaka kilinong'ona kwa hasira. "Kuna mwehu kanipiga risasi ya paja, nimejifunga shati, nimevumilia. Sasa nyie mnapiga makelele! Namsikia anakuja!"

Mvunaji alikuwa ameshainua sindano. Lubasha akajitupa kichakani, akamlalia Mihayo na povu lake lote, na Kabula akaja juu yao akisugua popote mkono ulipofika. Mashine ikanusa. Ikanusa tena. Ikaondoka kutafuta kongoni mwingine, na vibali vya msimu ule vilikuwa vingi.

"Nisamehe," Lubasha alikuwa akisema. "Nisamehe, nisamehe."

Mihayo, damu ikimtoka, macho kwenye vichaka ambavyo mashine iliviacha vikitikisika mbali, alimsukuma kwa viwiko.

"Niondokee, bwana. Anatoroka."