Anayeitika Nyuma

Kitu cha kwanza kilikuwa viatu. Binti alivitoa mlangoni asubuhi, akavigonga ukutani kuondoa tope, akaviweka kwenye dirisha ambako jua lilipiga mpaka alasiri. Alipovirudia jioni, vilikuwa vimelowa vilevile. Kesho yake ikawa hivyo, na kesho kutwa. Akavijaza magazeti ndani. Magazeti yakageuka uji. Vilikuwa viatu vya kazi vya mama yake, na vilinuka majani yaliyooza, harufu ile inayotoka chini ya gogo linapogeuzwa.

Alipomwonyesha baba yake, baba alisema jua la siku hizi halina nguvu.

Baba yake alikuwa kiongozi wa njia katika hifadhi ya msitu iliyopakana na jiji. Msitu wenyewe haukuwa wa kutisha. Watu wa maofisini walivaa raba mwisho wa wiki, wakaja kufuata mishale ya njano iliyopakwa kwenye magome ya miti, wakapiga picha za uyoga, wakarudi makwao kuoga. Kutoka getini hadi kwenye daraja la mbao ulisikia honi za barabara kuu. Ukishavuka daraja husikii kitu, kana kwamba mtu amefunga mlango nyuma yako, na hapo ndipo wageni walipoanza kucheka kwa sauti kubwa kuliko kawaida yao.

Mama yake alifanya kazi hiyohiyo, ila upande wa pili wa mstari. Katika kutembeza watu, mmoja huenda mbele na mmoja hufunga nyuma. Anayefunga nyuma ndiye anayewaokota waliochoka, walioinama kufunga kamba za viatu, waliochepuka kujisaidia. Njia zilikuwa nyembamba na zenye kona nyingi, aliye mbele hamwoni aliye nyuma, kwa hiyo waliitana. Kila kona kiongozi aliita, "Mkia!" Mkewe akaitika, "Nipo!" Maana yake ilikuwa twende, hakuna aliyebaki. Kiongozi hakuhitaji kugeuka, na kwa miaka mingi hakugeuka.

Jina likawafuata mpaka nyumbani. Mkia, chai. Mkia, shati langu liko wapi. Wageni walicheka, na mama alicheka nao, kicheko cha mdomoni tu. Binti alipokuwa mdogo alidhani ni jina la mapenzi. Alipokua aliacha kudhani.

Siku mambo yalipoharibika walikuwa wamepata kundi kutoka ofisi moja ya bima. Kulikuwa na mhasibu mwenye kipara aliyebeba mwavuli chini ya anga jeupe, na wenzake walimtania njia nzima kwamba amekuja kuikatia mvua bima. Asubuhi hiyo, wakifunga mikoba, mama alisema goti linamuuma. Aliomba leo yeye aende mbele kwa mwendo wake, mumewe afunge nyuma. Kiongozi alisema kesho. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyomjibu mtoto anayeomba kitu dukani.

Huko ng'ambo ya daraja, kwenye mteremko, aliita akaitikiwa. Akaita tena akaitikiwa. Kwenye kona ya mwisho jibu lilichelewa kidogo, kisha likaja karibu kuliko alivyotarajia, karibu na shingo yake. Akaendelea. Getini bawabu alimwona mama akitoka wa mwisho kama siku zote, akafunga.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na amani, na hili ndilo lililomchelewesha kiongozi kuona. Aliita, akajibiwa kabla hajamaliza kuita. Chakula kilikuja kikiwa moto. Hakuna aliyemkumbusha bati linalovuja wala kumuuliza kwa nini anaangalia simu wakati watu wanaongea naye. Goti halikutajwa tena. Alikula, akajinyoosha, akafikiri kwamba hatimaye mkewe ametulia. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka aliyepewa kile ambacho watu wengi waliochoka hukitamani.

Binti ndiye aliyeona. Mama hakuwa akiuliza kitu chochote. Hakumuuliza amelala vipi, wala amekula nini, wala nani huyo aliyempigia simu. Na hakuwa akitangulia. Wakifika mlangoni binti alisimama pembeni kumpisha, naye alisimama pia, mikono ubavuni, akingoja, mpaka binti apite kwanza. Kisha nyayo zake zilifuata, chap, chap, zenye maji.

Jioni moja umeme ulikatika binti akiwa jikoni anaosha vyombo. Mwanga wa nje ulikuwa bado haujaisha, ule wa kijivu unaofanya vitu vionekane bila rangi, naye aliendelea kusugua sufuria mpaka aliposikia pumzi ya baridi kisogoni, pumzi yenye harufu ya kuvu na majani, akageuka haraka na kumwona mama yake si hapo alipotarajia bali mwisho kabisa wa ukumbi, amesimama mlangoni mwa chumba cha kulala, anamtazama. Akanong'ona, "Mama?" Midomo ya yule aliyekuwa mwisho wa ukumbi haikusogea. Jibu lilitoka pale pale kisogoni, polepole, kwa sauti ya mama yake.

"Nipo."

Kesho yake mhasibu alikuja kuulizia mwavuli wake. Alikaa ukingoni mwa kiti, akamwambia mama kwa adabu kwamba hana haraka nao, alitaka tu kujua goti linaendeleaje, kwa sababu siku ile alimpa mwavuli auegemee. Mama alimwambia, "Nipo." Mhasibu alitabasamu, akamtazama binti, tabasamu likamtoka. Binti alimsindikiza mpaka nje. Huko, kwa sauti ya chini, mhasibu alimweleza kilichomnyima usingizi. Kule mteremkoni mama alikuwa amekaa juu ya jiwe, hawezi kusimama, akamtuma akimbie mbele amwambie kiongozi asubiri. Alikimbia. Alipofika karibu na kiongozi alisikia mtu ameitika, akageuka, akamwona mama nyuma yake, amesimama wima, hana mwavuli.

"Nikasema labda ni jua," mhasibu alisema. "Nikanyamaza. Dada yangu, nisamehe."

Binti alimpeleka baba yake kwa mganga siku hiyohiyo, na ilibidi amvute kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano. Mganga aliishi juu ya karakana ya vioo, akawapokea akiwa anapiga pasi sare za wajukuu wake, wala hakuiacha pasi. Aliomba aonyeshwe kiatu. Akakinusa, akakirudisha kwenye mfuko wake wa plastiki.

Akamuuliza kiongozi mkewe ana kovu wapi.

Kiongozi alifikiri. Akasema mkononi. Binti akatazama sakafu, kwa sababu lilikuwa gotini, goti lilelile, tangu mwaka mama alipoanguka na mkoba wa mumewe mgongoni.

Mganga hakucheka. Alisema jini huyo si wa kunywa damu wala wa kuvunja vyombo. Ni wa kuitika. Hukaa mahali ambapo watu huitana bila kutazamana, na anachojua ni kujibu tu. Kuuliza hajui, kukataa hajui, na kwa hiyo wengi wanaoishi naye hawaji kabisa kwa mganga. Mama alikuwa bado hai, alisema, maana viatu vililowa: vilikuwa vinatembea kule. Lakini anayeitwa ndiye anayetoka, na kule ndani hakuna aliyekuwa anamwita yeye.

"Mrudishe huyo jini alikotoka," alimwambia kiongozi. "Ukishavuka daraja, ita kama ulivyozoea. Wataitika wawili. Anayekulaumu ndiye mkeo. Ukimpata, yeye atatangulia na wewe utafuata, na yeye ndiye atakayekuita mpaka mtoke. Hilo litakalobaki nyuma yako usiliite tena, hata kwa kusahau."

"Kwa nini nisitangulie mimi?"

"Kwa sababu umetangulia miaka yote, baba. Tazama ulichotoka nacho."

Waliingia hifadhini alasiri, kiongozi na yule wa nyumbani, na binti akabaki kwenye daraja kwa sababu mganga alimkataza kuvuka. Kiongozi alitembea mbele, filimbi yake ya kazi shingoni. Nyuma yake zilikuja nyayo zenye maji, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alitamani sana kugeuka akaogopa, akapita mshale mmoja wa njano na mwingine na mwingine, huku ukimya ukimkaa masikioni kama pamba na ile harufu ya chini ya gogo ikizidi kila hatua, mpaka alipofika juu ya mteremko na kuita jina ambalo sasa, likitoka mdomoni mwake mahali pale, alilisikia lilivyo.

"Mkia!"

"Nipo," ikasema sauti shingoni mwake, tamu, ya haraka.

Kutoka chini, kwenye majani, ikaja nyingine. Ilikuwa imepasuka kwa kiu.

"Nilikwambia goti linauma."

Alimkuta juu ya jiwe lilelile. Alikuwa amekonda, midomo myeupe, mwavuli wa mhasibu magotini. Alikuwa ameishi kwa kulamba maji ya mawe, na kila mara alipojaribu kufuata mishale ilimrudisha pale pale. Kiongozi alilia. Alimweleza kila kitu kwa haraka, viatu, mganga, nani atangulie. Mkewe alisikiliza bila kumkatiza, kisha akauliza swali moja tu, kwamba kitu hicho kilikaa nyumbani muda gani kabla hajakishtukia.

Kiongozi akamnyooshea mkono ainuke. Mkewe akaelewa, akasimama kwa kuegemea mwavuli, akatangulia.

Alikwenda kwa mwendo wake. Kwenye kona ya kwanza aliita, "Mkia!" na mumewe akaitika, "Nipo!" Kona iliyofuata akaita tena, akaitikiwa. Kiongozi nyuma yake aligundua mambo ambayo hakuyajua kwa miaka yote: kwamba nyuma matawi yaliyosukumwa na wa mbele hurudi yakakupiga uso, kwamba hujui njia inakwenda wapi, kwamba unaishi kwa ile sauti moja tu. Na nyuma yake yeye kulikuwa na pumzi ya baridi. Aliitika kwa nguvu zaidi kila mara, na kila mara alihisi kwamba kuna mdomo mwingine ulioachama sambamba na wake, ukijifunza.

Wakafika karibu na daraja. Mama alimwona binti yake ng'ambo, amekamata ukingo kwa mikono miwili. Ilibaki kona moja. Alifungua mdomo kuita.

Akaufunga.

Alisimama hapo kwa muda, mwavuli umezama topeni. Alikuwa amekaa juu ya jiwe akimwita mpaka sauti ikakatika, siku baada ya siku, mtu ambaye nyumbani alikuwa anakula chakula cha moto. Labda ni goti tu lilimuuma. Labda sauti ilimwisha kweli. Mwenyewe hakulisema kamwe.

"Niite," mumewe alisema kutoka nyuma ya majani. Kisha, kwa sauti ambayo mama hakuwa ameisikia tangu wakiwa wachumba: "Mke wangu, niite. Kiko hapa. Mke wangu."

Mama aliweka mguu kwenye ubao wa kwanza wa daraja, na honi za barabara kuu zikaanza kusikika.

Binti alimkumbatia huku anaangalia nyuma ya bega lake. "Baba yuko wapi?"

"Yuko nyuma," mama alisema.

Binti aliita baba, baba, mpaka bawabu akaja kuwatoa. Lakini aliitia upande wa getini, na sauti haivuki daraja. Walinzi wa hifadhi walimtafuta wakapata filimbi yake tu, imening'inia kwenye mti wenye mshale. Binti hakumuuliza mama yake. Mara nyingi alifungua mdomo kuuliza, akamtazama anavyokanda goti lake kwa maji ya moto, akaufunga, na kati yao kukaingia ukimya ambao hakuna aliyejua jinsi ya kuuondoa.

Nyumba yenye ukimya ni nzito kwa mtu aliyezoea kuitwa. Mama alianza kuongea na vyombo. Akaanza kumimina vikombe vitatu vya chai, akimwaga kimoja. Na jioni moja, akiwa peke yake jikoni, akakishika kile kikombe cha tatu muda mrefu mpaka kikapoa, kisha akasema, polepole, akijua kabisa anachokifanya, neno kwa neno kama alivyokuwa akiambiwa yeye:

"Mkia, chai."

"Nipo," ikasema sauti ya mumewe, karibu na shingo yake.

Hakugeuka. Alifumba macho, na mabega yake yakashuka. Katika ndoa yote ilikuwa mara ya kwanza, ndani ya nyumba hiyo, kumwita mumewe akaitikiwa mara moja.

Asubuhi binti alikuta mlangoni jozi mbili za viatu. Vya mama vilikuwa vikavu. Vya pili vilikuwa vikubwa, vya kiume, na maji yalikuwa yamevuja kutoka ndani yake yakafanya kidimbwi mpaka chini ya zulia. Chumbani, nyuma ya mlango, kulikuwa na mtu anapumua.

"Mama," alinong'ona. "Viatu vya baba vimelowa."

Mama alikuwa anapanga sahani. Hakuinua uso.

"Viweke dirishani," alisema. "Jua la siku hizi halina nguvu."