Maji ya Pili

Maji yalikuja mekundu, yamebeba majani ya mianzi ya msitu wa juu, na Ciakuthii alipoinua kichwa mawe ya kuvukia yalikuwa yamezama. Alikuwa peke yake katikati ya mto, kwenye kisiwa kidogo alikolima nduma, jua likimchoma mgongo. Asubuhi simu ilimletea ujumbe: mvua kubwa mlimani, msivuke mto. Alitazama juu, hakuona wingu Embu yote. Akachukua panga na gunia, akavuka.

Gogo lilimgonga mguu, likauchana. Akapanda mkuyu uliokuwa pale kisiwani, akajifunga kwa leso. Chini udongo ulimeguka kipande kwa kipande. Hapo awali palikuwa na matete yaliyoushika. Aliyang'oa mwenyewe ili nduma ziongezeke. Sasa mzizi uliobaki ni wa mkuyu tu.

Aliita. Mto ukameza sauti. Watoto wako Nairobi, na nyumbani hakuna wa kuuliza mbona amechelewa. Akapiga ile namba ya ujumbe.

"Karimi wa vipimo vya mto. Nani mwenzangu?"

"Ni Ciakuthii. Ulisema mto utajaa."

"Ndiyo, Cucu," Karimi akasema, kama anayemjibu bibi yake.

"Basi umejaa. Niko ndani, juu ya mti."

"Umeumia?"

"Mguu. Lakini maji yanashuka. Naona jiwe la kwanza. Wacha nikimbie."

"Usishuke! Kipimo changu cha huko msituni kinapanda tena. Hayo ya kwanza yalikuwa ya kijito tu. Ya mlima yako njiani."

"Mtoto wangu, jiwe naliona kwa macho."

"Na mimi naona maji ambayo wewe huyaoni. Shika mti."

Simu ikaisha chaji.

Jiwe lilitoka lote, likang'aa. Ciakuthii akafungua fundo moja la leso. Akalitazama jiwe, akautazama mlima. Akafunga tena.

Ndipo ukaja mngurumo. Jiwe, gunia na shamba lote la nduma vikaenda pamoja. Mkuyu ukatetemeka, ukashika.

Jioni jirani yake Runji alifika na wanaume na kamba, ametumwa na Karimi.

"Cucu, umepanda kuchuma kuyu?"

"Nyamaza, tupa kamba."

Matete yameota tena ukingoni. Siku hizi mvua ikinyesha mlimani, simu ya Karimi hulia kabla ya ujumbe.

"Uko upande gani, Cucu?"

"Upande wa nyumba," hujibu, na hakati simu haraka.