Siku Moshi Ulipokoma Jikoni Kwetu

Nina miaka hamsini na nane. Ni mkulima wa kabichi na viazi huku Mgeta, juu kabisa kwenye milima ya Uluguru. Sina mume. Ninaye mtoto niliyemlea lakini sikumzaa, na sababu ya kumlea ndiyo iliyonifanya niwaandikie. Msinionee huruma bado, wasomaji wenzangu. Nisikilizeni mpaka mwisho... kisha mtajua nani wa kuhukumiwa.

Kwetu ni baridi. Wageni wanapanda lori mjini Morogoro wakiwa na fulana, wakifika huku wanaomba kuazimwa khanga. Ndiyo maana marehemu baba, aliyekuwa fundi mwashi na aliyewajengea mapadri nyumba yao, alitujengea na sisi jiko la matofali katikati ya nyumba. Upande mmoja tunapikia, upande wa pili ukuta wake unapasha joto chumba cha kulala. Juu yake likapanda dohani, yaani bomba la moshi la matofali, likapita darini, likatoboa bati na kutokeza nje. Majirani walipikia kwenye mafiga huku macho yakiwatoka machozi. Sisi tunapika tumevaa nguo za kanisani. Nilijivuna, sisemi uongo.

Chini ya dohani baba aliacha kijimlango cha kutolea masizi. Kila baada ya mavuno alikifungua, akasafisha, kisha akaingiza kipande cha kioo na kukiinamisha. Kama njia iko wazi, unaiona mbingu humo kwenye kioo. Alituambia mimi na mdogo wangu Konsolata kwamba jiko lisiloona mbingu lisiwashwe. Tulikuwa tukimcheka, tukisema mzee analipenda jiko lake kuliko wanawe.

Baba alipofariki, kazi ile ikamwangukia mume wangu, Deo. Sisi Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo Deo ndiye aliyetoka kwao Kinole akaja kukaa kwetu, kwenye shamba la mama yangu. Alikuwa mtu wa maneno matamu. Shikamoo yake ilikuwa ya kuinama mpaka unaona kisogo. Mama alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, na wala sikuona wivu.

Ikaja ile miaka ya ruksa. Zamani mazao yalikwenda kwenye chama cha ushirika. Unauza, unangoja malipo mpaka unasahau uliuza nini. Sasa wafanyabiashara wakaanza kupanda wenyewe na malori yao. Yeyote mwenye gunia na gari alikuwa mnunuzi. Deo akakumbuka iliki za kwao Kinole. Akawa anazinunua mbichi, anazileta kwetu kuzikausha, anawauzia watu wa Dar.

Lakini mvua za milimani haziombwi ruhusa. Iliki ikikosa jua inaota ukungu, na mnunuzi akiuona ukungu anapanda lori lake na kuondoka. Deo akapata akili yake. Alipanda darini, akang'oa matofali kadhaa ya dohani, akaweka kipande cha bati kuziba njia ya kwenda juu, ili joto la jiko limwagike darini chini ya vichanja vya iliki.

Nyumba ilijaa moshi. Mama yangu alikuwa na pumu, tulimtoa nje tumembeba. Mjomba wetu, kaka yake mama, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, akaitisha kikao. Deo akapiga magoti mbele ya mama, akaomba radhi, akaapa kwamba atayarudisha matofali na bati atalitupa korongoni. Kesho yake alishuka kutoka darini amejaa masizi, akasema kazi imekwisha. Akachinja jogoo, tukala, mambo yakaisha. Mimi mwenyewe nilimtetea kwa mjomba. Nilisema mume wangu akiapa, ameapa.

Kumbe nilikuwa nasema mwenyewe, naitikia mwenyewe.

Msimu wa mvua uliofuata, moshi ukarudi. Si mwingi kama ule wa kwanza, lakini unakaa, unauma koo. Nikasema labda ni kuni mbichi, nikaanika kuni juu ya jiko mpaka zikalia zikivunjwa. Moshi uko palepale. Nikasema labda masizi. Deo akafungua kijimlango, akatoa ndoo nzima. Moshi uko palepale. Jirani akasema labda ndege amejenga kiota. Deo akapanda juu ya bati mbele ya watu, akaingiza mti mrefu kwenye dohani, akakoroga kama anakoroga ugali wa harusi, akashuka akijifuta jasho. Hakuna kiota, alisema. Akaongeza hata safu za matofali huko juu, ati dohani lipite kimo cha paa, upepo usirudishe moshi. Wapi!

Nikamwuliza kama ameangalia kwa kioo cha baba. Kioo kile siku hizo kilikuwa kimening'inia dirishani, Deo alikuwa anakinyolea ndevu. Akaniambia ameshaangalia, kweupe kabisa. Kisha akasema neno ambalo hadi leo likinijia nasaga meno. Alisema, Mungu amrehemu baba mkwe, lakini njia ya moshi aliijenga nyembamba.

Alimsingizia maiti. Mtu aliyelala kaburini hana mdomo wa kujitetea... na mimi binti yake nikanyamaza, nikaanza hata kufikiri labda kweli mzee alikosea.

Mlango wa dari ulikuwa na kufuli. Deo alisema ni kwa ajili ya panya na mbegu za maharage. Wengine kijijini wakanong'ona kwamba tumerogwa na wenye wivu. Mama akaanza kumwagia jiko maji ya baraka.

Katikati ya hayo, Konsolata akaja nyumbani kujifungua. Alikuwa ameolewa Dumila, kwa kijana anayeuza vitunguu pale njia panda. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na kwetu mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Akajifungua salama, mtoto wa kike, tukamwita Agneta. Tukamlaza mzazi na mwanawe kwenye chumba kinachopashwa joto na jiko. Mnajua jinsi mzazi anavyotunzwa. Asipigwe na upepo mgongoni, asiguse maji ya baridi. Mama alikata matambara akaziba kila ufa wa dirisha na wa mlango.

Lakini moshi ule ulikuwa ukimkohoza mtoto. Kichanga kinakohoa mpaka kinabadilika rangi, nani atavumilia? Nilimwambia Deo kwamba yeye asipolitengeneza lile jiko, nitalibomoa kwa jembe, liwe la baba au la nani.

Deo alishuka bondeni, akarudi na lori likiwa na magunia ya mkaa. Akatuambia kuanzia leo hakuna kuni ndani ya nyumba hii, tutawasha mkaa mtupu, mzazi asivute moshi. Wasomaji wenzangu, moshi ulikoma siku ileile. Mama aliinua mikono juu akamshukuru Mungu, kisha akamshukuru Deo. Wanawake waliokuja kumwona mtoto waliniambia nimeolewa na malaika. Nami niliitikia amina.

Konsolata alifurahi kuliko sote. Aliniambia, "Dada, humu ndani siku hizi kunanukia chai ya sikukuu."

Nilinusa, kweli, kulikuwa na harufu tamu. Nikacheka, nikamwambia ni pua ya mzazi hiyo, inatamani kila kitu. Iliki ilikuwa inanukia juu ya vichwa vyetu, na mimi nacheka.

Baada ya hapo akaanza kulalamika kichwa kizito. Akiamka anatapika. Miguu haina nguvu. Wanawake wakubwa wakasema ni uzazi, damu imepanda kichwani, azidishiwe joto. Tukazidisha mkaa. Ndiyo, sisi wenyewe, kwa mikono yetu, tukizidisha kwa upendo.

Siku hiyo mvua ilikatika asubuhi, jua likatoka. Mimi nilikuwa shambani nakata kabichi kwa sababu lori lilikuwa linangoja barabarani. Konsolata alisema kichwa kinamwuma, anataka kulala. Mama akamfunga Agneta mgongoni, akatoka naye kwenda kuota jua ukutani kwa jirani, ili mzazi apumzike vizuri. Akaufunga mlango nyuma yake, upepo usiingie.

Mtoto alipolilia ziwa, mama akarudi naye. Nikasikia sauti yake kutoka mteremko wa pili, ananiita kwa jina langu la utotoni. Sikumbuki nilifikaje nyumbani. Konsolata alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu, kama alivyokuwa akilala tulipokuwa watoto. Nilidhani amelala. Nilimtikisa, nikamwambia aamke anyonyeshe, mwanao analia... Agneta alikuwa analia kweli, anatafuta ziwa, na ziwa lilikuwa pale, na mwenye ziwa hayupo.

Deo alikuja mbio kutoka barabarani. Alilia kuliko wote. Alijigaragaza chini mpaka wanaume wakamshika. Lakini baadaye kidogo nilimwona anaingiza ufunguo kwenye kufuli la dari. Nikamwuliza anatafuta nini huko. Akasema mkeka, wa waombolezaji kukalia. Wakati huohuo watu wakaanza kumiminika, nyumba ikajaa, akashuka mikono mitupu, na hakupata tena nafasi ya kupanda peke yake.

Kwetu msiba hauendi bila watani. Ukoo wetu una watani wake, na wao ndio huchimba kaburi, ndio hutania wafiwa ili moyo usipasuke. Mtani anaweza kushika chochote chenu, sufuria, kuku, hata shuka, akakaa nacho mpaka mumkomboe. Na mtani hakatazwi mlango. Mtani wetu mmoja, Mama Pili, mwanamke mnene mwenye kelele, alilitazama lile kufuli la dari, akasema lazima wafiwa wameficha nyama huko. Deo akasimama mbele ya ngazi. Akasema hapandi mtu.

Wazee wote wakashangaa. Tangu lini mtani akazuiwa msibani? Mama Pili alimsukuma kwa tumbo lake, watu wakacheka, akapanda, akalivunja kufuli kwa mchi.

Tulimsikia akitembea juu yetu. Kisha akashuka, kichanja cha iliki kichwani, na kipande cha bati cheusi kwa masizi mkononi. Bado alikuwa anatania. Alisema shemeji yetu huyu tajiri, ameziba njia ya moshi apate kukausha viungo vya chai, basi leo mnikomboe kwa chai ya iliki.

Watu walicheka. Halafu wale waliokuwa karibu na mjomba wakaacha kucheka, na wale waliokuwa nyuma yao wakaacha pia. Mama Pili mwenyewe alilitazama lile bati mkononi kama ndiyo kwanza analiona. Akaliweka chini taratibu, akajifunika khanga usoni.

Mjomba hakupaza sauti. Alimwuliza Deo swali moja tu. Kama aliliziba dohani kwa siri, na moshi ulikuwa unatuua, kwa nini alitununulia mkaa?

Deo alinitazama mimi, si mjomba. Akasema, "Iliki ikishika harufu ya moshi, hawanunui."

Mnasikia? Hakuwa amemwonea huruma mzazi. Hakuwa amekionea huruma kichanga. Mkaa ule tulioubariki ulikuwa wa iliki. Kuni zingetukohoza, zingetutoa nje, tungekuwa hai. Mkaa hauna moshi wa kukuonya. Hewa yake mbaya ikikosa pa kutokea inarudi chumbani, inakulaza usingizi, unakufa unanukia chai.

Sitawachosha na ya polisi. Alishikwa, akasema hakujua kama mkaa unaua, akaachiwa. Labda kweli hakujua. Lakini kwamba amemdanganya mama yangu, hilo alijua. Kwamba njia imezibwa, alijua kila alipopanda juu ya bati na ule mti wake, na kila aliponitazama machoni akasema kweupe. Mjomba alimwambia achukue nguo zake ashuke mlima, maana nyumba ni ya ukoo wetu na ardhi ni ya mama. Mama hakuishi sana baada ya hapo. Mume wa Konsolata aliniachia mtoto, akaoa kwingine, simlaumu.

Miaka mingi baadaye, basi letu liliposimama Dumila, nilimwona Deo kando ya barabara anauza vipakti vya viungo. Ameota mvi. Alisogea dirishani, akanitambua, akabaki amenyoosha mkono na vile vipakti vyake. Nilitazama mbele. Mpaka leo sinywi chai yenye iliki.

Agneta sasa ni mtu mzima. Mwezi huu amekuja nyumbani, ana mimba ya kwanza, na mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Mama ni mimi. Nililirudishia dohani matofali kwa mkono wangu, nalo linavuta vizuri tu. Baba hakukosea kitu.

Dada zangu, kaka zangu, nawasihi. Jiko likitoa moshi msilikasirikie, linawaambia kitu. Moshi ukikoma ghafla bila njia kufunguliwa, hapo ndipo muogope zaidi. Msilale na mkaa unaowaka kwenye chumba kilichozibwa, hata kuwe na baridi gani, hata kuwe na mzazi. Na mtu akikwambia ameshaangalia, hata awe mume unayempenda, panda ukaangalie mwenyewe. Mimi sikupanda.

Asubuhi hii Agneta ameniambia anasikia baridi, niwashe jiko. Nimemwambia angoje. Nimechukua kile kioo cha baba dirishani, nikapiga magoti kwenye kijimlango cha masizi, nikakiinamisha, nikaangalia mpaka nikaiona mbingu. Agneta ananicheka, anasema mama unalipenda jiko kuliko mimi. Nimemwacha acheke, kisha nikawasha.