Gari na Vilivyomo

Jioni ile Mapenzi alimtuma mumewe vitu viwili: nazi tatu kutoka Kongowea, na mtoto. Mtoto mwenyewe ni Lavender, binti yao wa miaka sita, aliyekuwa kwenye mazoezi ya kwaya kanisani Frere Town. Ni safari ya muda mfupi kwa mtu mwenye gari, na Absalom Mramba alikuwa na gari. Kama hukujua, angekwambia mwenyewe.

Lilikuwa Tanabe Koto, dogo, rangi ya maziwa, vioo vya giza. Ukikaa naye kidogo tu atakuhadithia habari za Mzee Tanabe wa Japani, fundi wa pampu za mashamba ya mpunga. Baada ya vita watu walikuwa hawana mbele wala nyuma, mzee akang'oa injini ya pampu akaifunga kwenye baiskeli ya mkewe. Kutoka hapo akaunda pikipiki ya magurudumu matatu, kisha kigari cha milango miwili, na shabaha yake ikawa ile ile: gari la mtu asiye na kitu. Tajiri, alisema mzee, atajitafutia mwenyewe. Absalom alikuwa pia kwenye kundi la WhatsApp la wenye Tanabe wa Pwani, na humo sifa zilimiminika kutwa. Koto hainywi mafuta, inanusa. Koto uiache mwaka mzima, itawaka kwa ufunguo mmoja. Koto haikuachi njiani. Bwana mmoja wa Mtwapa aliwahi kuandika kwamba amejaribu kuiuza mara tatu na mara zote imemrudisha nyumbani. Wenzake wakacheka, naye hakuandika tena.

Kila ulipoliwasha, mwanamke aliyemo kwenye dashibodi alisema maneno ya Kijapani kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri. Magari mengi yanayoshuka melini husema hivyo, na hakuna anayejua yanasema nini. Absalom alizoea kumjibu, "Abee, mama," na Lavender akacheka hadi kwikwi.

Sasa, Absalom hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na choyo tu, choyo cha gari, na mtaa mzima wa Mlaleo ulikijua. Alilinunua miaka mitatu nyuma kwa Katana wa Changamwe, na hati ya gari ilikuwa bado na jina la marehemu kaka yake Katana, aliyeitwa Nguma. Siku ya kukabidhiana ufunguo Katana alimshika mkono akamwambia, "Badilisha jina wiki hii hii, ndugu yangu. Na jina la kaka usilitajetaje ndani ya gari lile." Absalom akaitikia vizuri, na hakubadilisha. Mwanzoni ulikuwa uvivu. Baadaye akaona faida yake.

Kila jirani alipokuja kuazima, Absalom alishusha kioo kidogo, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema, "Ningekupa, lakini si langu. La mwenyewe Nguma. Gari na vilivyomo, vyote vyake. Mimi naendesha tu." Ukimbishia anakutolea hati, na jina ni hilo hilo. Nasreen, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliwahi kuendesha basi la madrasa na leseni yake ilikuwa hai. Aliambiwa maneno hayo mara tatu. Mara ya tatu mamake alikuwa amepandwa na presha, ikabidi ampakie kwenye tuktuk huku bibi wa watu akitapika.

Basi jioni ile mwalimu wa kwaya, Ruth, alimleta Lavender hadi kwenye gari, akaomba lifti mpaka Kisauni kwa kuwa miguu ilikuwa inamvimba. Kisauni ni njiani. Absalom akatikisa kichwa.

"Ningekubeba, Mwalimu. Lakini gari si langu. La Nguma, na vilivyomo vyote."

Akafunga mlango. Lavender akauliza kutoka kiti cha nyuma, "Baba, Nguma ni nani?"

"Hayupo, mama. Ni jina tu."

Akazungusha ufunguo. Gari likawaka.

Mwanamke wa dashibodi hakusema kitu.

Absalom alingoja kidogo, kisha akaondoa gari. Kengeleni palikuwa na msongamano, tuktuk zinapenyezana, muadhini anaadhini magharibi upande wa Kisauni. Harufu alianza kuinusa alipopita daraja la mtaro: udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa mvua ikinyesha. Akadhani ni nazi zimeoza. Akataka kufungua kioo. Kioo hakikushuka. Akasema kimoyomoyo kwamba kesho atalipeleka gari kwa fundi, maana Absalom mambo yake yote yalikuwa ya kesho.

Nyuma Lavender alikuwa akinong'ona. Watoto huzungumza na vidole vyao, na Absalom hakujali. Ila baada ya muda aliona mtoto ananong'ona, ananyamaza, halafu anaitikia.

Alifika kwake. Akaingiza gari uani, mbele ya dirisha la jikoni. Taa ilikuwa inawaka ndani, na Mapenzi alionekana waziwazi, ameshaiweka mbuzi ya kukunia, anangoja nazi. Hatua kumi, pengine nane. Absalom akazima injini.

Ndipo yule mwanamke aliposema. Sauti ile ile laini, adabu ile ile.

"Si lake."

Kwa Kiswahili.

Absalom alibaki na ufunguo mkononi. Akajaribu mlango. Haukufunguka. Akavuta kile kidude cha loki kwa kucha mpaka ukucha ukavunjika. Akapiga honi, ikawa kama anapiga mto wa usufi. Akapiga kioo kwa kiwiko. Nje kule Mapenzi aliinua kichwa, akaangalia gari, akarudi kwenye shughuli zake. Mumewe alikuwa na tabia ya kukaa garini akisoma sifa za Koto, kwa hiyo hakuona ajabu.

Vioo vikaanza kufanya ukungu... kutoka ndani.

Akatoa simu, akampigia. Alisikia simu ikilia jikoni. Alimwona Mapenzi akifuta mkono kwenye leso, akiipokea, akisikiliza. "Mapenzi, njoo ufungue, njoo na nyundo," alisema Absalom. Mapenzi alikunja uso, akaiangalia simu, akaikata. Kisha ukungu ukafunika kioo chote, asimwone tena.

"Baba," Lavender akasema. "Mkanda unanibana."

Lavender hakuwahi kufunga mkanda maishani mwake. Absalom alijua hivyo kwa kuwa yeye ndiye asiyemfunga. Aligeuka.

Mtoto alikuwa amefungwa mkanda, umekazwa hadi umeingia shingoni. Kando yake alikaa mtu mzima, mkono mmoja juu ya mwingine, kama abiria anayeogopa kumsumbua dereva. Naye alikuwa amefungwa. Mkanda wake ulikuwa umezama kifuani, umeacha mfereji, na shati kwenye mfereji ule lilikuwa limeoza. Magoti yake yalikuwa na udongo.

"Huyu babu anataka kufunguliwa," akasema Lavender. "Nimejaribu nimeshindwa."

Absalom alitaka kuomba na sala zote zikamtoka kichwani, hata ile ya kabla ya kula. Aliogopa, tena sana, lakini zaidi ya woga alimwona mwanawe anavuta pumzi kwa shida, na akajua ni lazima aseme kitu.

"Mzee," akanong'ona. "Shikamoo. Chukua gari lako. Niachie mtoto."

Yule mtu alipojibu, mdomo wake haukufunguka vizuri.

"Gari... na vilivyomo. Umesema wewe."

"Mtoto si wa gari."

"Yumo."

"Ni maneno tu, mzee. Nilikuwa nawafukuza watu."

"Kila ulipoliita jina langu, mimi niliitwa. Umeniita mara ngapi?" Akavuta pumzi, na udongo ukanuka zaidi. "Nimechoka kukaa."

"Basi gari langu," akasema Absalom. "Nimelinunua. Langu. Lote langu."

"Si lake," akasema mwanamke wa dashibodi.

"Mwenye mali hutoa," akanong'ona yule mtu. "Wewe umemtolea nani?"

Absalom akatafuta. Miaka mitatu aliipitia yote, siku za mvua, siku za misiba, siku za watu waliosimama na mizigo kando ya barabara ya Bamburi. Alitafuta mtu mmoja tu aliyewahi kumpakia kwa hiari yake. Hakumpata. Nyuma, Lavender alianza kukoroma, macho wazi.

Kioo kikagongwa.

"Hodi, Absalom." Sauti ya Nasreen, taratibu, ya mtu anayejua atakachojibiwa. "Najua umo, gari bado la moto. Mama yuataka kurudi kwake Bamburi na tuktuk haiwezi tena. Sisemi uniazime. Nimekuja kuuliza tu, ili nikirudi ndani nimwambie nimeuliza."

Hata pale, Mungu amsamehe, ulimi wake ulisita. Ulikwishazoea njia yake. Alisikia kabisa yale maneno yakijipanga mdomoni, ningekupa lakini, akayameza kama mfupa.

"Chukua," akasema. "Langu. Nakupa mimi. Chukua, Nasreen, nenda nalo, kaa nalo."

Halafu milango yote minne ikalia kwa pamoja: klak.

Absalom hakukumbuka alivyotoka. Alijikuta na Lavender mikononi mwake, amekaa naye chini kwenye mchanga, mtoto anakohoa na kulia, na nazi zimebiringika hadi kizingitini. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu na kikavu. Nasreen alisimama na mdomo wazi. Mapenzi alitoka mbio na mwiko mkononi, akasema alidhani simu imeharibika, kwa kuwa alisikia mwanamke tu akimwambia jambo kwa lugha ya kigeni, kwa upole sana.

Shingoni mwa Lavender palikuwa na mstari mwekundu. Mapenzi akaupaka mafuta ya nazi usiku ule, na ukafifia.

Nasreen alimpeleka mamake Bamburi na kurudi bila tatizo. Alisema gari ni jepesi, na yule mwanamke wa Kijapani ana adabu. Absalom hakutaka hata kuligusa. Akamwambia alitumie mpaka apatikane wa kulinunua, naye Nasreen akaomba dua ndefu kwa ajili yake, na mtaa ukashangaa. Jumatatu Absalom alifanya lililomshinda miaka mitatu: alikwenda akabadilisha jina. Hati ikaandikwa Absalom Mramba. Aliona ndiyo haki, marehemu apumzike.

Alhamisi, jua likielekea kuzama, alikuwa amekaa kitini barazani, Lavender akichora mchangani. Akampigia simu Katana wa Changamwe. Akamhadithia yote, tangu lifti ya mwalimu mpaka milango ilipofunguka. Katana alisikiliza bila kumkatiza.

"Kaka hakufia garini," akasema mwishowe. "Watu hudhani hivyo. Kaka alilitoa gari bandarini likiwa jipya kwake, akamwajiri dereva. Baada ya muda, kila magharibi akawa hawezi kuinuka. Amekaa nyumbani kwake, kwenye kiti chake, anasema nifungueni. Hospitali hawakuona kitu. Tulipomvua shati tuliona alama tu, kutoka begani hadi kiunoni."

"Na yule dereva?"

"Alikuwa mzima wa afya. Mtu mchoyo. Akiombwa lifti alikuwa na maneno yake ya kuwafukuza watu, sijui akisema nini." Kisha akauliza, "Jina umebadilisha?"

"Nimebadilisha. Langu sasa."

"Vizuri. Na anayeendesha ni nani?"

Ng'ambo ya ukuta Absalom aliisikia Koto ikiingia na kuzimwa. Alisikia sauti ya mwanamume akiomba kitu, pengine lifti, pengine kubebewa gunia. Kisha akasikia kicheko cha Nasreen, kile cha mtu anayekataa kwa adabu.

"Wallahi ningekupa," Nasreen alisema. "Lakini si langu. La mwenyewe Absalom, gari na vilivyomo. Mimi naendesha tu."

Maneno yale Absalom mwenyewe ndiye aliyemfunza, mara tatu, kwa kioo kilichoshushwa kidogo.

"Absalom?" Katana aliita kwenye simu. "Nenda ukamnyamazishe. Nenda sasa hivi, magharibi haijaingia. Absalom?"

Muadhini akaanza.

Absalom alishika mikono ya kiti ili ainuke. Hakuinuka. Kitu kilimkaza kutoka begani kushuka kiunoni, kikakaza tena, polepole. Ilimjia harufu ya viti vya gari. Alijaribu kumwita Nasreen, na sauti ikatoka ndogo, kama ya mtu aliye nyuma ya kioo.

Lavender aliacha kuchora. Akamsogelea babake, akamtazama kifuani, akapeleka vidole pale kiunoni kama anayetafuta kitufe.

"Baba," akauliza, "nani amekufunga?"