Gunia Lililofunika Taa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nyangi alikuwa na kazi moja ambayo hakupenda mtu mwingine aiguse. Alifunga tenga la samaki kwenye pikipiki ya baba yake.

Baba yake, Danford, alinunua sato kwa wavuvi wa Kibara na kuwapeleka Bunda mjini. Sato akishatoka ziwani hana muda wa kupoteza. Jua likimkuta njiani, macho yake huingia ndani na mteja humpita kama hamwoni. Ndiyo maana wabeba samaki wa Kibara hulifunika tenga kwa gunia lililoloweshwa maji, na kuliacha lining'inie nyuma ya pikipiki ili maji yachuruzike barabarani, yasimlowanishe dereva mgongo. Ukikutana nao asubuhi utawatambua kwa gunia hilo linalodondosha maji njia nzima.

Tatizo ni kwamba gunia likiachwa hivyo hufunika taa ya nyuma pamoja na indiketa zote mbili. Wabeba samaki wengi hawakujali. Danford alijali. Alimfundisha binti yake kulikunja gunia kuelekea juu na kulikaza kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, mpaka taa zote tatu zionekane.

“Madereva wa siku hizi wanatazama vitu vingi, na barabara ni kimojawapo tu,” alimwambia siku moja. “Mimi naendeshaga kama mtu asiyeonekana. Nikifika makutano, natafuta macho ya dereva. Asiponitazama nasimama, apite na haraka zake.”

“Na aliye nyuma yako je, baba? Macho yake utayaonaje?”

“Huyo namwachia taa,” alisema Danford. “Na taa nimekuachia wewe.”

Nyangi alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na maneno hayo yalimfanya ajione mtu mzima. Kwa mwaka mzima hakuwahi kukosea.

Alhamisi moja mitumbwi ilichelewa kurudi. Siku hiyohiyo, kabla ya vipindi, Mwalimu Judith alikuwa achague timu ya mpira wa pete itakayoshindana na shule nyingine za wilaya. Nyangi alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu shule zifunguliwe. Tenga lilipofika, yeye alikuwa tayari amevaa sare na roho yake ilikuwa uwanjani. Alilifunga tenga kwa mpira wa kwanza, kisha kwa wa pili. Mpira wa tatu, ule wa kukunjia gunia, aliuchomeka pembeni ya keria. Alijiambia kwamba siku moja haina neno.

Danford alikuwa anavaa kofia yake ngumu na kurekebisha vioo.

“Umekunja gunia, mama?”

“Nimekunja, baba.”

Jibu lilimtoka kabla hajalifikiria. Siku nyingine Danford angezunguka nyuma kuangalia mwenyewe, lakini naye alikuwa amechelewa, na binti yake hakuwahi kumdanganya. Aliwasha pikipiki, akainua mkono kumuaga. Nyangi alikuwa tayari anakimbia kuelekea shuleni.

Saa nne, wakati wa mapumziko, Mwalimu Judith alisoma majina ya timu. Nyangi alikuwa wa pili kutajwa, nafasi ya mfungaji. Wenzake walimpigia makofi na mmoja akambeba mgongoni. Akiwa huko juu ndipo alipomwona baba yake mdogo, Apolinary, amesimama karibu na mlingoti wa bendera akizungumza na mwalimu mkuu. Apolinary naye alibeba samaki, na hakuwahi kufika shuleni hapo hata siku ya mkutano wa wazazi. Nyangi aliteremka mgongoni taratibu.

“Chukua begi lako, mwanangu,” Apolinary alimwambia. “Baba yako amegongwa na gari Bunda. Yuko hai. Lakini ameumia.”

Njiani kuelekea nyumbani alimweleza kidogokidogo. Danford alikuwa amefika Nyasura, akapunguza mwendo ili akate kulia kwenda kwa mama mmoja mwenye mgahawa. Gari dogo lililokuwa nyuma yake, likiendeshwa na kijana aitwaye Gasper, halikupunguza mwendo. Lilimgonga kwa nyuma na kumburuza. Kofia ilimwokoa kichwa, ila mguu wa kulia ulibanwa chini ya pikipiki. Kutoka hospitali ya Bunda alipelekwa Musoma, na mama yake Nyangi, Marieta, alikuwa ameshaondoka kumfuata.

Kesho yake madaktari waliukata mguu ule chini ya goti.

Jioni hiyo Apolinary alileta tenga nyumbani, pamoja na lile gunia na kipande cha keria kilichokatika. Nyangi aliviona vimewekwa ukutani. Mpira wa tatu ulikuwa bado umechomekwa palepale alipouchomeka yeye. Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani na kujifunika shuka, na bibi yake alipomwita kula alisema ameshiba, ingawa tangu uji wa asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Watu waliokuja kutoa pole waliketi uani wakazungumza, na mazungumzo yao yaliishia mahali pamoja. Gasper alikuwa amewaambia polisi kwamba mwenye pikipiki alikata kulia bila ishara yoyote. Watu waliamini, maana bodaboda wameshajitengenezea sifa hiyo. Hata wabeba samaki wenzake walitikisa vichwa.

“Danford alikuwaga makini sana,” alisema mmoja. “Lakini binadamu husahau.”

Nyangi alikuwa akiwapitishia maji ya kunawa. Alijua baba yake hakusahau. Alijua pia kwamba ni mtu mmoja tu duniani anayeweza kulisema hilo, na mtu huyo alikuwa ameshika birika la maji na hakufungua mdomo. Alimwambia Mwalimu Judith kwamba hatacheza tena. Mwalimu alidhani ni huzuni, akampapasa begani. Nyangi alitamani achapwe kuliko kupapaswa.

Jumamosi ya pili Apolinary alimchukua kwenda Musoma. Basi lilipopita Nyasura, Nyangi aligeuza uso upande wa pili, na hakuutoa dirishani mpaka walipomaliza vijiji vya Butiama na kuanza kuona nyumba za mjini.

Wodini alimkuta baba yake amelazwa chali. Upande mmoja wa shuka ulikuwa umeinuka penye mguu. Upande wa pili shuka lilikuwa limelala bapa.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mama yangu. Umekondaje hivyo? Bibi hakupi chakula?”

Marieta alimvuta Nyangi akamketisha karibu naye kitandani.

Hawakukaa sana, akaingia askari wa usalama barabarani kutoka Bunda, Afande Mwikwabe, akiwa na faili kwapani. Alisalimia kwa upole, akasema amekuja kumalizia maelezo.

“Ndugu Danford, nikuulize tena. Ulitoa ishara kabla ya kukata kona?”

“Niliwasha indiketa, afande. Nilitazama kioo nikaliona lile gari liko mbali. Nikawasha mapema, nikapunguza mwendo.”

“Dereva anaapa kwamba hakuona taa yoyote.”

“Niliwasha,” alisema Danford. Sauti yake ilikuwa imechoka. “Mguu umekwenda, sawa, sitaurudisha. Lakini msiandike kwamba nilijiumiza mwenyewe kwa uzembe. Niliwasha.”

Apolinary alitazama sakafu. “Kaka,” alisema polepole, “labda ulitaka kuwasha, halafu mawazo yakahama.”

Danford alimtazama ndugu yake, kisha akafumba macho. Chozi lilimteremka upande wa sikio. Nyangi hakuwahi kumwona baba yake akilia, hata siku alipomzika babu. Alisimama.

“Wote wanasema kweli,” alisema.

Afande Mwikwabe aligeuka. “Nani, binti?”

“Baba aliwasha. Na yule dereva hakuona. Gunia lilifunika taa. Mimi ndiye nafungaga tenga. Siku ile nilikuwa na haraka ya kwenda kwenye mpira, sikulikunja. Baba aliniuliza, nikamwambia nimelikunja. Mpira wa kufungia uko nyumbani, bado haujafungwa. Baba mdogo aliuleta yeye mwenyewe pamoja na tenga.”

Marieta aliziba mdomo kwa ncha ya kitenge chake. Apolinary alikaa kwenye benchi, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba ni kweli, mpira ule aliuona na hakuutilia maanani.

Danford aligeuza uso wake ukutani.

Afande aliandika kwa muda mrefu. Alipomaliza alifunga faili. “Nisikilize, binti,” alisema. “Ulichosema kinabadilisha maelezo. Haitaandikwa tena kwamba baba yako hakutoa ishara. Ila usidhani kwamba kinamwondolea Gasper kosa lake. Simu yake tuliikuta chini ya kiti, ina ujumbe ambao hajamaliza kuandika. Pikipiki yenye tenga kubwa ilikuwa mbele yake, mchana kweupe, inapunguza mwendo. Mtu anayetazama barabara angeiona hata bila taa.”

Alipoondoka, Nyangi alibaki amesimama katikati ya vitanda bila kujua aende wapi. Alisubiri kwa muda aliouona mrefu kuliko safari nzima ya kutoka Kibara.

“Njoo,” Danford alisema hatimaye, uso ukiwa bado ukutani. Nyangi alisogea. “Nina hasira na wewe. Sitakudanganya kwamba sina. Nitakaa nayo siku kadhaa, halafu itapungua. Lakini leo umenirudishia jina langu, na hukulazimishwa na mtu. Hilo nalo ninalo moyoni.”

Nyangi alilia hapo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akiwa ameshika pindo la shuka.

Danford alirudi Kibara baada ya wiki sita, akitembelea magongo. Jioni hiyo wabeba samaki walijaa uani kumpa pole, na wale waliosema kwamba binadamu husahau, wakiwa wameshasikia maelezo mapya ya polisi, waliomba radhi. Nyangi hakungoja kuulizwa. Alisimama mbele yao akawaeleza yote, kuanzia mpira wa tatu mpaka jibu alilompa baba yake. Sauti ilimkatika mara mbili, akaendelea.

Alipomaliza, Danford aliegemeza magongo yake ukutani.

“Asubuhi ile tulikuwa watu watatu wenye haraka,” alisema. “Gasper aliharakisha ujumbe wake, hakutazama mbele. Binti yangu alikimbilia mpira wa pete, hakukunja gunia, akaniambia amekunja. Na mimi nilikimbilia soko, sikuzunguka nyuma kuhakikisha. Mmoja wetu tu angetimiza kazi yake, ningekuwa nimesimama hapa kwa miguu miwili. Sasa sikilizeni, hasa ninyi watoto. Huwezi kumchagulia dereva mwingine atazame wapi. Unachoweza ni kuhakikisha kwamba akiinua macho, hata kwa sekunde moja, atakuona. Na mtu akikuuliza kama umefanya kazi inayobeba uhai wake, mpe jibu la kweli, hata kama litakuchelewesha au kukutia aibu.”

Wakubwa waliitikia kwa vichwa. Kesho yake hakuna gunia lililotoka Kibara likiwa limening'inia.

Pikipiki ilipotengenezwa, alikabidhiwa Apolinary aiendeshe. Danford aliketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, na Nyangi akafunga tenga kama zamani, mipira yote mitatu. Kisha akahesabu hatua kumi kurudi nyuma, mahali ambapo gari lingekuwa, akasimama.

“Washa, baba mdogo,” alisema.

“Unaona nini?” aliuliza Danford.

“Naona taa, baba. Zote tatu.”

“Umeziona kwa macho yako?”

“Kwa macho yangu.”

“Basi mwambie aende.”

Apolinary aliinua mkono, akaondoka. Safari hii Nyangi hakukimbilia popote. Alisimama kando ya baba yake wakaitazama pikipiki mpaka ilipopotea kwenye kona, na hata ilipopotea Danford aliendelea kuisikiliza. Ngurumo yake ilipokwisha kabisa, alinyoosha mkono, na Nyangi akampa magongo yake.