Gamba la Kobe kwenye Gitaa la Babu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya mazoezi ya kwaya, Asteria alikuwa na kazi moja isiyokwepeka: kugeuza buni zilizoanikwa kwenye chanja nyuma ya nyumba. Wakati wa mavuno watu wa Ruanda, kijiji chao huko milimani Mbinga, huamka mapema, na yeye huamka nao. Alipitisha viganja juu ya kahawa huku mdomo wake ukisema "du-du-dum, du-dum", na vidole vya mkono wa kushoto vikibonyeza nyuzi ambazo hazikuwapo.

"Naona buni za mwaka huu zitaimba sauti ya nne," mama yake, Beata, alimtania akipita na ndoo. "Geuza upesi, mwanangu, utachelewa."

Asteria alikuwa na miaka kumi na mitatu, na ndiye aliyepiga gitaa la besi katika kwaya ya kigango chao. Gitaa lenyewe lilimzidi umri hata mama yake. Babu Hyasinti alilipiga tangu ujana wake mpaka viungo vya vidole vilipokaza, kisha akamfundisha mjukuu wake. Watu hawakukosa la kusema, maana watu hawakosi: msichana na besi wapi na wapi? Asteria hakuwajibu. Alipiga tu, na waimbaji waliokuwa wakiyumba walijikuta wamerudi kwenye mstari.

Jumamosi hiyo, katikati ya wimbo, kitu kililia "kacha!" chini ya mkono wake. Lilikuwa kava la mbele, lile bamba la plastiki linalokaa chini ya nyuzi ili kucha zisichubue rangi. Kwenye gitaa hilo kava ndilo lililobeba pia vitufe vya sauti na tundu la waya. Lilikuwa limepasuka kuanzia kwenye skrubu ya pembeni hadi ukingo wa pili, likawa vipande, na sasa vitufe vilining'inia. Spika ikanguruma, kisha ikanyamaza.

"Mikono gani hiyo, Asteria?" alifoka Mama Gertruda, mwenyekiti wa kwaya. "Chombo kimekaa miaka yote hiyo kwa babu yako, leo kinapasuka kwako!"

"Sikulipiga kwa nguvu, Mama Mwenyekiti."

"Limejipasua lenyewe, sivyo? Sikiliza. Tamasha la kwaya kule ziwani, Mbamba Bay, limebakiza wiki mbili. Kamati itanunua kava moja, moja tu. Likikaa sawasawa, utapiga. Lisipokaa, kinanda kina besi yake humo ndani, na gitaa hili litakwenda stoo."

Asteria alilikumbatia gitaa. Kila mtu alijua sauti yake ya kuimba: ilifaa kufukuzia ngedere shambani, si kumsifu Mungu kanisani. Gitaa likienda stoo, yeye hana nafasi katika kwaya.

Nyumbani, Babu Hyasinti alipapasa ule ufa. Kisha alinyoosha kidole kwenye picha iliyotundikwa ukutani. Alikuwa yeye, kijana mwembamba, amelikumbatia gitaa. Kava la kwenye picha lilikuwa la rangi ya kahawia yenye madoa mekundu na mawingu ya njano, mfano wa gamba la kobe. Vipande vilivyokuwa mkononi mwake vilikuwa vimefifia, hata hungejua ni kitu kilekile.

"Ukipata la namna hii, mjukuu wangu, nitafurahi," alisema. "Zamani tukishuka ziwani, watu walikuwa wakiliona tu, kabla sijagusa uzi, wanasema: Ruanda wamefika! Umeshapima?"

"Nitapima, Babu."

Kupima gitaa lenyewe kulitaka kulegeza nyuzi zote, kulilaza mezani na kuchora tundu moja baada ya jingine. Asteria alitaka kuwahi dukani. Alichukua vipande vya kava la zamani, akaviunganisha kwa gundi ya karatasi, akaviweka juu ya karatasi ya mfuko wa saruji na kuvizungushia kalamu. Kazi ikaisha mara moja, na yeye akajisifu moyoni kwa wepesi wake.

Mjini Mbinga, Mzee Bwanali aliuza redio, taa za sola na vifaa vya muziki. Mpwa wake, Azizi, alikuwa amemtumia makava matatu kwa basi kutoka Dar es Salaam. Bwanali aliyapanga juu ya meza ya kioo, yakiwa bado na ngozi ya nailoni.

"Chagua kwa macho na kwa karatasi yako, binti," alisema. "Skrubu isiguse mpaka uwe na hakika. Lenye alama halirudi Dar."

La kwanza lilikuwa jeupe pe. Lidia, rafiki yake wa sauti ya kwanza aliyemsindikiza, alipiga makofi. "Hilo hilo! Litaonekana mpaka ng'ambo, Malawi!"

La pili lilikuwa jekundu, limechorwa michirizi myeusi ili lifanane na gamba la kobe, ila lilifanana zaidi na pipi. La tatu lilikuwa la kahawia iliyokolea. Asteria alipoliinua kwenye mwanga, aliona madoa mekundu yakitokeza taratibu kutoka ndani, na mawingu ya njano kati yake. Moyo wake ulimwambia: ndilo la kwenye picha. Lilikuwa jipya, lakini lilikuwa na utulivu wa kitu cha zamani.

Aliliweka juu ya karatasi. Matundu ya pembeni yalipita alama zake kwa unene wa njiti ya kiberiti. Akajaribu jekundu. Hilo lilikaribia zaidi.

"Karatasi hii umeichora juu ya nini?" Bwanali aliuliza.

"Juu ya lile la zamani, Mzee. Ndilo lililokuwa kwenye gitaa."

Bwanali alikuna kidevu. "Haya. Wewe ndiye mwenye gitaa."

Asteria aliondoka na jekundu, huku shingo ikigeuka mara mbili kulitazama la kahawia.

Nyumbani, skrubu ya kwanza iliingia bila ubishi. Ya pili nayo. Ya tatu ilikuta mbao ngumu mahali palipotakiwa kuwa na tundu. Asteria alisukuma. Lidia alishikilia. Asteria akasukuma tena, bisibisi ikateleza, ikachora mstari mrefu mweupe katikati ya ule wekundu unaong'aa. Wote wawili waliinama kuutazama.

"Mwambie Mzee Bwanali lilitoka Dar likiwa hivyo," Lidia alinong'ona. "Safari ya basi ni ndefu. Nani atajua?"

Asteria aliitupa bisibisi sakafuni. Alikuwa na hasira na kava, na bisibisi, na yeye mwenyewe zaidi ya vyote. Lidia alipoondoka, alilegeza nyuzi, akatoa kava jekundu na kulilaza gitaa mezani. Kazi ile aliyoikimbia mwanzo, sasa aliifanya. Aliweka vipande vya kava la zamani mahali pake, matundu ya upande mmoja yakakaa juu ya matundu ya mbao. Akatazama upande wa pili. Hayakufika!

Inawezekanaje kava lisifike kwenye matundu yake lenyewe? Aliinama karibu. Rangi ya bluu ya gitaa ilikuwa imepauka kwa miaka mingi ya mwanga, isipokuwa pale kava lilipokuwa limefunika. Pale bluu bado ilikuwa mbichi. Na ile bluu mbichi ilikuwa pana kuliko kava. Ilitokeza ukingo mwembamba pande zote.

"Asteria! Buni!" mama yake aliita kutoka nje. "Kuna dalili ya mvua, njoo tuzifunike!"

Alikimbia kwenye chanja. Wiki iliyopita buni mbichi zilikuwa zimekijaza mpaka pembeni. Sasa zilikuwa zimekauka na kunywea, na mbao za chanja zilionekana kandokando. Asteria alisimama na turubai mkononi.

"Limenywea," alisema. "Mama, limenywea kama buni!"

"Nini tena?"

"Kava! Limekuwa likinywea miaka yote, na skrubu zimelishikilia lisisogee. Ndiyo maana limepasukia kwenye skrubu. Si mikono yangu, Mama! Si mikono yangu!" Alirukaruka pale penye chanja mpaka Beata akacheka bila kujua anacheka nini. Kisha Asteria akakumbuka ule mstari mweupe, furaha ikapungua. Alimweleza mama yake yote, pamoja na ushauri wa Lidia.

"Njia ya mwongo ni fupi," Beata alisema. "Na wewe bado una safari ya Mbamba Bay."

Siku iliyofuata, baada ya misa, Asteria alilifunga gitaa mgongoni kwa kitenge cha mama yake, shingo ya gitaa ikichungulia juu ya bega. Njia nzima watu walimcheka. "Mtoto wako ana shingo ndefu!" mama mmoja alimwambia. "Amerithi kwa babu yake," Asteria akajibu, akakaza mwendo.

Dukani hakusubiri kuulizwa. "Shikamoo, Mzee Bwanali. Kava nimeliharibu mimi. Nililazimisha skrubu, bisibisi ikateleza. Halikuja hivi."

"Marahaba." Bwanali aliligeuza kava mwangani. "Unajua ungeniambia limetoka Dar na alama hii, ningefanya nini? Ningempigia Azizi simu, nikamkaripia mbele ya wenzake, naye hana kosa. Ningegombana na mtoto wa dada yangu kwa sababu ya bisibisi yako."

Asteria aliinamisha kichwa. Hakuwa amemfikiria Azizi hata kidogo.

"Basi, pesa ya kamati iwe ya kava jingine, na hili tutalikata vipande vidogo vya kupigia nyuzi. Vijana wa magitaa kila siku wananiulizia. Utakuja Jumamosi, baada ya mazoezi, uvisugue kwa msasa mpaka vyote viwe laini. Umekubali?"

"Nimekubali, Mzee."

"Sasa huyo mtoto mgongoni mshushe. Tumpime mwenyewe."

Kava la kahawia lilikuwa bado mezani. Asteria alilishusha juu ya gitaa kwa mikono miwili. Tundu lilikaa juu ya tundu, pande zote, na ukingo wake ukafuata ule mstari wa bluu mbichi bila kuacha hata unyoya. Skrubu ziliingia kwa kuzungushwa na vidole viwili tu. Bwanali alimsaidia kuhamisha vitufe na tundu la waya, wakaunganisha spika ya dukani. "Dum," likasema gitaa, na redio zote kwenye rafu zikatetemeka. Asteria alicheka kwa sauti ile ile ya kufukuza ngedere, na Bwanali hakujali.

Siku ya mazoezi, Mama Gertruda alilikagua gitaa nyuma na mbele. Asteria alimwonyesha kipande cha kava la zamani na alama za pale lilipopasukia, akamweleza yote, pamoja na kosa la bisibisi. Mwenyekiti aliguna. "Tutaona Mbamba Bay," ndilo neno alilotoa.

Wakaona. Gari lilishuka milimani, ziwa likajitandaza mbele yao, na uwanja ulikuwa umejaa kwaya kutoka Kingerikiti, Chiwanda na kwingineko. Babu Hyasinti alikaa mstari wa mbele, fimbo kati ya magoti. Jina la kwaya yao lilipoitwa, Asteria alipanda jukwaani. Jua lilipiga kava, na madoa mekundu yakaamka.

Bibi mmoja wa Chiwanda, mwenye mvi tupu, aliinuka ghafla kwenye kiti chake. "Jamani, lile gitaa!" alipaza sauti. "Si lile lile? Ruanda wamefika!"

"Ruanda wamefika!" wazee wengine wakaitikia, na vigelegele vikapanda kabla uzi haujaguswa. Babu Hyasinti alifuta macho kwa mkono wa shati. Asteria akapiga noti ya kwanza, nzito na ya mviringo, na kwaya nzima ikasimama juu yake. Hakuna aliyeyumba. Jioni, ngao ya mshindi wa kwanza ilipotolewa, waliibeba wao.

Mama Gertruda alipewa kipaza sauti ashukuru. Aliwashukuru mapadre, akawashukuru wenyeji, kisha akageuka.

"Nina neno kwa binti huyu," alisema. "Kava lilipopasuka, mimi nilitazama mikono yake, sikutazama gitaa. Nikamhukumu. Asteria, nisamehe. Naye alipima kava lililonywea, akaacha mbao yenyewe. Tulikosea namna moja: tulichukua jibu lililokuwa karibu. Lakini mwenzangu alikubali kosa kabla ya kuulizwa, akarudi, akaifanya kazi upya tangu mwanzo. Wanangu, kukosea si aibu. Aibu ni kulificha kosa na kumwachia mtu mwingine alibebe."

Asteria hakujua atazame wapi, basi akatazama viatu vyake huku akitabasamu.

Wakati wa kuondoka, alianza kulifunga gitaa mgongoni kama alivyozoea. Mama Gertruda alimzuia. Alifungua kitenge chake cha sare, akalibeba gitaa yeye mwenyewe na kukaza fundo kifuani, kisha akatembea nalo kuelekea kwenye gari mbele ya kwaya nzima.

"Mama Mwenyekiti," Lidia alisema akijizuia kucheka, "mtoto wako ana shingo ndefu."

"Ni mtoto wetu," Mama Gertruda akajibu. "Na stoo haingii."