Maji ya Paa Yalipoingia kwa Wacera

Kavindu alikuwa akianika nguo, lakini macho yake yalikuwa juu. Mawingu yalikuwa yakikusanyika upande wa milima ya Iveti. Watu wengi wa Machakos hufurahia mvua. Kavindu alikuwa ameanza kuiogopa.

Mwezi huo mvua ilikuwa imenyesha mara tatu. Kila mara, maji taka yalifurika katika nyumba ya jirani yao Wacera, mama wa Kibe, iliyo chini ya mteremko. Yalitokea chooni, yakaenea hadi chumbani. Mara ya mwisho yaliharibu magunia mawili ya ndengu ambayo Wacera alitaka kuyauza sokoni. Mama yake mzee, aliyelala katika chumba hicho, aliharisha siku nne. Tangu hapo Wacera hakumsalimia mtu.

Kitheka, mume wa Kavindu na baba wa mtoto wao Ndanu, alimwambia kila mtu kwamba wapangaji wa nyumba za juu ndio wanaotupa matambara chooni. Kavindu hakutulia. Alishika kazi hii, akaiacha, akashika nyingine. Mwishowe aliacha nguo kwenye beseni, akampigia simu fundi wa maji taka.

Fundi huyo, Mwendwa, alifika amevaa glavu na viatu vya mpira. Aliwaambia watu wasimame mbali, kwa sababu hewa ya shimo la maji taka inaweza kuua. Alipofungua kifuniko cha shimo hilo, ambalo nyumba zote zililitumia, aliona mafuta ya kupikia yaliyoganda, nepi ya mtoto na vitambaa. Alieleza kwamba vitu hivyo huziba bomba kidogo kidogo. Kisha akauliza maji hufurika lini.

"Wakati wa mvua tu," Wacera alijibu. "Jua likiwaka, hakuna shida."

Mwendwa alitazama paa moja baada ya jingine.

"Basi kuna mtu ameingiza maji ya mvua humu," alisema. "Bomba hili ni la choo, bafu na jikoni. Ni dogo. Maji ya paa yakiingia, linajaa, na uchafu unarudi kwa nyumba iliyo chini."

Kavindu alimgeukia mumewe. Mwaka uliotangulia, maji ya paa lao yalikuwa yakichimba msingi wa nyumba. Kitheka alizika bomba, akaliunganisha na shimo hilo la maji taka, na akajisifu kwa kazi yake. Sasa alikuwa ameinamisha kichwa, akikwaruza udongo kwa kiatu. Kavindu alimngoja aseme. Wacera alianza kuondoka.

"Mama Kibe, ngoja," Kitheka alisema. "Ni bomba langu. Mimi ndiye niliyekuwa nikikuletea uchafu."

Wacera alimtazama.

"Mama yangu angekufa," alisema, akaingia ndani.

Kitheka hakuweza kula mchana huo. Alichimbua bomba lote, na Mwendwa akamwonyesha namna ya kuziba tundu lililobaki shimoni. Gata, yaani mfereji wa ukingo wa paa, akaielekeza kwenye tangi, na maji ya ziada kwenye mtaro wa mvua. Aliona haya. Watu mjini walinunua maji kwa mitungi, na yeye alikuwa akiyamwaga kwenye maji taka.

Kavindu naye alikiri kwamba mafuta yake yalikuwa shimoni. Tangu siku hiyo aliyaacha yapoe, akayatia kwenye kopo kuukuu na kulitupa kwenye pipa la taka. Sufuria aliipangusa kwa gazeti kabla ya kuiosha. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba majirani wafanye vivyo hivyo, na nepi na vitambaa wavitie kwenye pipa, si chooni.

Wiki iliyofuata mvua kubwa ilinyesha alasiri. Kitheka hakungoja ipungue. Aliteremka mbio hadi kwa Wacera, akasimama mlangoni akitazama sakafu. Wacera pia alikuwa amesimama, ufagio mkononi. Mama yake alikuwa kitandani, amekunja miguu. Mvua ilipiga mabati karibu saa nzima. Sakafu ilibaki kavu.

Wacera aliweka ufagio chini.

"Baba Ndanu, umelowa," alisema. "Ingia ukae. Chai iko."